Simu mpya, picha mbovu: pitia hatua hizi kabla hujairudisha Kariakoo

Mdogo wangu anauza madera na vitenge Sinza, wateja wake karibu wote wanamjia kupitia stetasi ya WhatsApp na Instagram, kwa hiyo kwake yeye picha ndo duka lenyewe. Zamu yake ya mchezo ilivyofika akaenda Kariakoo akanunua simu mpya, boksi limeandikwa megapikseli 50 kwa maandishi makubwa, akarudi ana furaha. Siku ya tatu akanipigia sauti imeshabadilika: "Kaka, hii simu wamenipiga. Picha zina ukungu, dera la maruni linatoka kama chungwa, bora hata ile simu yangu ya zamani."

Nikamwambia asirudi dukani kwanza, aje nayo nyumbani. Tulikaa jioni nzima tunaipitia kitu kimoja kimoja na kumbe simu ilikuwa nzima kabisa. Tangu hapo nimeangalia simu za ndugu na majirani kadhaa wenye kilio hicho hicho, na wengi wao tatizo lilikuwa kwenye vitu vinavyoizunguka kamera, yaani kioo, setingi, mwanga na namna picha inavyotumwa, wachache tu ndo walikuwa na simu mbovu kweli. Naandika kwa mpangilio tunaoufuata, anza juu ushuke na usiruke, maana vitu vya bure na vya dakika moja vyote viko mwanzoni.

Hatua ya 1: Kioo cha kamera

Geuza simu, ipeleke chini ya taa, halafu itazame lenzi kwa upande, usiitazame moja kwa moja. Ya mdogo wangu ilikuwa bado ina nailoni ya kiwandani juu ya kamera, nyembamba kiasi kwamba mpaka uinamishe simu ndo unaona mstari pembeni na kijipovu kimoja cha hewa kimekaa katikati ya lenzi kubwa. Juu ya hiyo nailoni muuzaji akabandika protekta ya kioo, ile ya bei rahisi inayofunika lenzi zote kwa pamoja, na katikati ya hivyo viwili vumbi limo. Sasa mwanga unapita kwenye kioo, unapita kwenye vumbi, unapita kwenye nailoni yenye mikwaruzo ndo ufike kwenye lenzi, picha itaachaje kuwa na ukungu? Tulibandua kwa ukucha taratibu, tukapiga picha ile ile ya pazia, na nyuzi za pazia zikaonekana.

Kama una protekta ya kamera na hutaki kuitoa bila sababu, ijaribu usiku. Piga picha taa ya barabarani. Ukiona taa imetoa mistari mirefu, au kuna kivuli cha taa ya pili kimeelea upande mwingine wa picha, toa hiyo protekta ujaribu tena. Mi binafsi siziweki, kioo cha lenzi chenyewe ni kigumu na kava yenye ukingo uliopanda kidogo kuzidi kamera inatosha kukilinda.

Halafu usafi. Mafuta ya kupaka, jasho, mafuta ya chipsi, vyote vinaishia kwenye lenzi kwa sababu kidole cha shahada kinapumzika pale pale ukishika simu. Futa kwa kitambaa cha miwani au pamba safi kavu kabla ya kupiga, kila siku, sio mpaka uone uchafu. Na kwa joto na unyevu wa Dar kuna hili la kutoka kwenye gari au ofisi yenye kiyoyozi, ukitoka nje lenzi inapata ukungu papo hapo kama chupa ya soda ya baridi. Subiri dakika chache utaisha wenyewe. Ila ukungu ukiwa upande wa ndani, ambao haufutiki na hauishi, hiyo ni habari nyingine, nenda moja kwa moja hatua ya mwisho.

Angalia na kava pia. Kava ya rangi kali ikiwa karibu sana na flashi inarudisha mwanga kwenye lenzi na picha yote inapauka.

Hatua ya 2: Hakikisha ni simu uliyodhani umenunua

Piga *#06#, itakuja namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, halafu itume kwa meseji kwenda 15090, ule utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ulioanza wakati simu feki zinazimwa Juni 2016, utajibiwa simu hiyo ni aina gani. Jibu likitaja simu tofauti na uliyoshika mkononi, acha hatua nyingine zote, hapo huna tatizo la kamera, una tatizo la simu yenyewe.

Kama simu ni halali basi tuongelee megapikseli, kwa sababu hapa ndo watu wengi wanaumia moyo bure. Boksi linasema 50 lakini ukipiga kawaida simu inaunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya kama megapikseli 12.5. Zile za 108 zinaunganisha tisa kuwa moja, unapata 12. Hujaibiwa, ndivyo zilivyotengenezwa, sababu nukta zikiunganishwa zinakusanya mwanga mwingi kuliko moja ikiwa peke yake. Kinachobeba picha zaidi ni ukubwa wa sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ubora wa lenzi iliyo mbele yake, na programu inayoichakata picha baada ya kupiga. iPhone walikaa na megapikseli 12 kwenye kamera ya nyuma kuanzia iPhone 6s ya 2015 mpaka iPhone 13 ya 2021 na watu walikuwa wanazililia hizo picha. Kwa hiyo ile modi ya megapikseli 50 kamili itumie mchana kweupe tu, labda unataka kuprinti bango, maana ndani ya nyumba na usiku inaongeza chengachenga.

Na zile kamera tatu nne za nyuma, kwenye simu za bei ya chini na ya kati mara nyingi ya kazi ni moja tu, ile kuu. Za megapikseli 2, ya vitu vya karibu sana na ya kupima umbali, usizitegemee kwa picha ya maana.

Hatua ya 3: Setingi

Fungua kamera yenyewe ya simu, sio kamera iliyo ndani ya Instagram au Snapchat, maana kwenye Android nyingi hizo hazitumii uwezo wote wa simu. Ingia kwenye setingi. Umbo la picha weka 3:4, hilo ndo linatumia sensa nzima, ile ya kujaza skrini yote inakata sehemu ya picha. Ubora weka wa juu. HDR, ile inayosawazisha sehemu zenye mwanga mkali na zenye kiza kwenye picha moja, iache kwenye otomatiki. Zima urembo, kwa kamera ya mbele na ya nyuma, sifuri kabisa, kwa sababu simu nyingi zinakuja umeshawashwa kutoka kiwandani na ndo hiyo inayofanya uso uonekane kama umepakwa nta na ngozi ikapauka rangi. Zima na ile AI inayotambua vitu kama unauza nguo au chakula, yenyewe inakoleza rangi ipendeze machoni, halafu mteja anapokea kitu cha rangi nyingine anakuja juu.

Angalia pia kama simu iko kwenye kubana betri au nafasi imejaa, vyote vinaweza kuisumbua kamera. Na tafuta apdeti, simu mpya huwa zinapata marekebisho ya kamera kwenye apdeti za mwanzo mwanzo, subiri uwe kwenye Wi-Fi maana zinakula bando.

Kitu kimoja hapa watu hawakijui. Ukishapiga picha usiikimbilie kuifungua sekunde hiyo hiyo. Simu bado inaichakata, utaona imefifia halafu inakaa sawa yenyewe.

Hatua ya 4: Mwanga, na hapa usiwe na haraka

Ukiniuliza ni hatua gani moja ya kushika kati ya hizi zote ni hii. Sensa ya simu ni ndogo kama ukucha wa mtoto, ina njaa ya mwanga, ukiinyima inabuni, na kubuni kwake ndo yale mavumbi na sura zilizopondeka unazoziona kwenye picha za sebuleni.

Tuanze na nje. Dar iko karibu na ikweta, saa sita mchana jua liko juu ya kichwa, miezi ya Oktoba na Machi linapita karibu utosini kabisa. Ukimpiga mtu picha muda huo macho yanazama kwenye vivuli na kipaji kinang'aa jasho, simu yoyote ile, hata ya milioni tatu. Mpeleke kwenye kivuli kilicho wazi, chini ya mwembe, barazani, pembeni ya ghorofa, uso wake uelekee kule kwenye mwanga. Au subiri kuanzia kama saa kumi na moja jioni.

Coco Beach ni mfano mzuri kwa sababu wengi tunapigia pale. Bahari iko mashariki. Jioni jua linazama upande wa mjini, kwa hiyo mtu akisimama kaipa bahari mgongo, mwanga laini wa jioni unampiga usoni na bahari nyuma inatoka na rangi yake. Asubuhi mkao huo huo unakugeuka, jua linatokea baharini nyuma yake, uso unakuwa mweusi tii. Sehemu moja na simu moja, tofauti ni saa tu, na mtu wa asubuhi ataapa kauziwa kimeo.

Sasa uso kuwa mweusi. Kamera haijui inaangalia nini, inachofanya ni kupima mwanga wa eneo zima na kuuvuta uwe wa wastani. Ukimsimamisha mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, au bibi harusi kwenye shela, kamera inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, na anayeumia ni uso. Dawa yake ni kugusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga, kitatokea kijijua kidogo pembeni, kivute juu taratibu mpaka ngozi ionekane kama unavyoiona kwa macho. Ukibonyeza na kushikilia pale usoni simu nyingi zinafunga hapo hapo mwanga na fokasi visihame. Kinyume chake pia ni kweli, ukipiga nguo nyeusi kamera itaongeza mwanga na nguo itatoka kijivu, hapo shusha kijijua.

Hili la ngozi sio mawazo yetu tu. Google walivyotoa Pixel 6 mwaka 2021 walikuja na kitu wanakiita Real Tone, kamera iliyofundishwa upya ili ngozi nyeusi zitoke zilivyo, na Tecno nao sehemu ya jina lao Afrika wamelijenga kwa kurekebisha kamera kwa ajili ya ngozi zetu. Kwa hiyo kama simu yako inapausha watu, usikubali kuambiwa ndivyo ulivyo, zima urembo, gusa uso, rekebisha mwanga.

Ndani ya nyumba adui ni mchanganyiko. Pale dukani kwa mdogo wangu kulikuwa na balbu ya njano juu, tyubu nyeupe ukutani, na mlango uko wazi unaingiza mwanga wa nje. Mianga mitatu ya rangi tatu, simu inachagua mmoja wa kuufuata, mingine inaharibu rangi, ndo maana maruni ikawa chungwa. Tulizima taa zote. Tukalisogeza dera kama mita moja ndani ya mlango, pale ambapo jua lenyewe haligusi ila mwanga wake unafika, tukalitundika kwenye ukuta mweupe, na upande wa pili wenye kiza nikashika karatasi ya manila nyeupe kurudishia mwanga. Feni tukaizima pia, maana kila tukipiga upindo wa dera unacheza na unatoka umefifia. Akagusa kitambaa kwenye skrini, akapiga. Akalishika lile dera akaliweka sambamba na simu, akaangalia huku, akaangalia kule, akanyamaza. Maruni ilikuwa maruni, hadi zile nyuzi za dhahabu kwenye shingo zinahesabika.

Hatua ya 5: Mkono, umbali na zumu

Usizumu kwa vidole viwili. Kama simu haina kamera maalum ya kuvuta mbali, kuzumu ni kukata kipande cha picha na kukitanua tu. Sogea kwa miguu. Kwenye simu za megapikseli 50 na kuendelea, kitufe cha 2x mara nyingi kinatoka vizuri, zaidi ya hapo sipo.

Ukiwa karibu mno pia inakataa. Kamera kuu nyingi haziwezi kufokasi kitu kilicho chini ya kama sentimita 10, ndo maana picha za hereni, kucha na risiti zinatoka na ukungu katikati. Rudi nyuma kidogo halafu tumia 2x. Kamera ya mbele kwenye simu nyingi haifokasi kabisa, imewekwa tayari kwa umbali wa mkono ulionyooka, kwa hiyo selfi ya kuganda usoni haiwezi kuwa kali.

Shika kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavuni, bonyeza kitufe cha sauti badala ya kugonga skrini. Kwenye bajaji au mwendokasi usitegemee muujiza.

Hatua ya 6: Usiku na taa

Washa modi ya usiku, na ukishabonyeza tulia mpaka imalize, huwa inachukua sekunde kadhaa kwa sababu inapiga picha nyingi na kuziunganisha. Egemeza simu kwenye meza au ukuta. Inafaa kwa majengo, kwa meli pale Feri, kwa mtu anayeweza kusimama kimya, haifai kwa watoto wanaokimbia wala watu wanaocheza muziki. Kwa hao tafuta taa usogee nayo karibu, hata mwenzako awashe tochi ya simu yake akiwa pembeni, sio mbele.

Ukiona mistari mieusi inatembea kwenye picha au video ukumbini, ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde na kamera inazikamata zikiwa nusu. Tafuta kwenye setingi sehemu ya kuzuia mchezo wa taa, weka 50. Kama una modi ya pro, ile ya kurekebisha kila kitu mwenyewe, weka kasi ya kupiga (shutter) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari itapotea au itapungua sana. Hiyo hiyo modi ya pro, kama unapiga watoto mchana, weka 1/250 au zaidi, na ISO, yaani kiwango cha kamera kuukuza mwanga, iache chini kadri unavyoweza, ikipanda ndo chengachenga zinakuja.

Hatua ya 7: Picha inaharibika ikitumwa

Mdogo wangu alikuwa anahukumu kamera kwa kuangalia picha zilizorudi kwake kupitia WhatsApp. Hapana. Ukituma kawaida WhatsApp inaibana picha sana ili iende haraka. Tangu 2023 kuna alama ya HD juu ya picha kabla hujatuma, ibonyeze, au weka HD iwe ya kudumu kwenye setingi za hifadhi na data. Hata HD inabana, ila kidogo. Picha unayotaka ifike ilivyo, kama ya kupeleka kwa mtu wa mabango, itume kama dokumenti.

Instagram yenyewe kwa kawaida inashusha picha mpaka upana wa pikseli 1080, hivyo ikate mwenyewe vizuri kabla ya kupakia, na kwenye setingi zao washa kupakia kwa ubora wa juu na uzime kubana data. Na usiipitishe picha njia mbili, mfano umtumie dada kwa WhatsApp ili yeye aipandishe Instagram, inabanwa huku inabanwa na kule.

Kuhariri, Snapseed ya Google ni bure na inatosha. Ng'arisha vivuli kidogo, punguza mwanga mkali, basi. Wengine watakwambia upakue GCam, ni kamera ya Google iliyorekebishwa na watu binafsi iende simu nyingine, kwenye baadhi ya simu inatoa picha nzuri kweli, lakini sio rasmi na faili zake zinazagaa kila mahali, kwa simu yenye M-Pesa na benki ndani mi siwezi kukushauri. Open Camera ipo Play Store, bure, anza nayo hiyo.

Hatua ya 8: Ukiwa umefanya yote na bado

Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, mchana, mwanga wa kutosha. Weka simu juu ya stuli ikiwa imeegemezwa, inyooke sawa na ukuta, gazeti lijaze skrini, weka taima ya sekunde tatu usiiguse. Piga mara tatu. Fungua picha, vuta maandishi ya katikati, halafu kona zote nne. Kona kufifia kidogo zote kwa usawa ni kawaida. Upande mmoja ukisomeka na mwingine haukusomeka, kwenye picha zote tatu, lenzi imekaa upande. Jirani yangu Temeke ilikuwa hivyo, upande wa kulia herufi zote zimelala, tuliipigia mara tatu tukaenda nazo dukani, wakabadilisha bila maneno mengi. Kisha piga ukuta mweupe mtupu, ukiona doa linakaa pale pale kila picha na lenzi umeshaifuta, uchafu uko ndani. Na sikiliza, kama kamera inatetemeka yenyewe au inatafuta fokasi bila kuipata, huo nao ni ubovu.

Ukishapata ushahidi nenda mapema, siku za mwanzo wanasikiliza zaidi. Beba boksi, chaja, risiti ya EFD na kadi ya waranti, na zile picha za gazeti ziwe kwenye simu yenyewe, sio ulizotumiwa WhatsApp. Ongea taratibu, waonyeshe hapo hapo, waombe wapige ukuta wa dukani kwao kwa simu yako na kwa nyingine ya aina hiyo hiyo. Wakikataa kabisa na waranti bado ipo, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Na wakisema waiache kwa fundi wao, kabla haijatoka mkononi hamisha picha zako, toa laini na memori kadi, toka kwenye akaunti zako, halafu waandike kwenye karatasi IMEI, tarehe na tatizo ulilowapelekea, na wagonge muhuri.